Kipimo cha choo kilichokuwa cha minyoo: kisa cha dada wawili wa Majengo

Kisa ninachokichambua hapa ni cha dada wawili waliozaliwa nyumba moja mtaani Majengo, Mombasa, na namna walivyouitikia uchunguzi wa saratani ya matiti na ya utumbo mpana. Mkubwa ana umri wa miaka 63 na hajawahi kuuhama mtaa huo. Hukanda unga wa mahamri usiku, huamka kabla ya adhana ya alfajiri kuyakaanga, na ifikapo saa tatu asubuhi huwa ameshauza na kuosha karai. Mdogo ana miaka 58. Aliolewa akahamia Leicester, Uingereza, ambako ameishi kwa zaidi ya miaka ishirini. Wote wawili wameniruhusu niandike habari zao, nami nimeyaacha majina yao na kila jambo ambalo lingewatambulisha. Mimi ni muuguzi mstaafu na jirani wa yule mkubwa, na kwa kuwa mkono wangu umo ndani ya kisa hiki, msomaji asinichukue kuwa mtazamaji aliyekaa mbali.

Kilichonifanya nikifuatilie ni tofauti ambayo sikuweza kuieleza kwa majibu tuliyozoea kuyatoa. Wanawake hawa wamelelewa na mama mmoja, kwa stara moja na hofu moja ya neno saratani. Lakini mdogo amepigwa picha ya matiti mara tatu bila ya kushurutishwa na mtu, ilhali mkubwa alikaa miezi saba na karatasi ya kumtuma akapigwe picha hiyo hiyo. Kisha, ilipofika zamu ya utumbo mpana, wote wawili wakakwama, kila mmoja kwa sababu yake. Kama kikwazo kingekuwa ujinga au woga, kama tunavyopenda kusema katika semina zetu, basi mdogo asingekuwa jasiri kwa kiungo kimoja na mwoga kwa kingine.

Kabla sijaendelea, nieleze neno moja, kwa sababu limewachanganya watu wengi niliowahudumia. Uchunguzi ninaouzungumzia ni ule wa kumpima mtu asiye na dalili yoyote. Mwenye uvimbe kwenye titi, mwenye kuona damu chooni, au aliyebadilika mwenendo wa choo kwa wiki kadhaa huku uzito ukipungua bila sababu, huyo hangojei mpango wala mwaliko. Anakwenda hospitali, na anadai aangaliwe. Dada hawa hawakuwa na dalili hata moja.

Nianze na Leicester. Uingereza ilianzisha mpango wa taifa wa kuchunguza matiti mwaka 1988. Mwanamke aliyesajiliwa kwa daktari wa familia hupata barua yake ya kwanza akiwa kati ya miaka 50 na 53, kisha nyingine kila baada ya miaka mitatu, hadi atimize miaka 71. Barua hiyo humwambia siku, saa na mahali. Kwa mdogo, mahali penyewe palikuwa gari kubwa lililoegeshwa kwenye uwanja wa duka analonunulia vyakula, na kazi ya kupiga picha za matiti katika mpango huo hufanywa na wanawake pekee. Amekwenda akiwa na miaka 52, akaenda tena alipofika 55, na safari ya tatu mwaka 2025. Nilipomuuliza kwa simu kilichompeleka, nilitarajia anieleze juu ya umuhimu wa afya. Alinijibu hivi: “Dada, waliniandikia saa nne na robo. Ningekaaje nyumbani na watu wananingoja?”

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kuna jaribio lililofanywa huko huko Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, ambapo wanawake walioikosa miadi yao ya kwanza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitumiwa barua ya pili yenye siku na saa iliyokwisha kupangwa. Fungu jingine likatumiwa barua ya kuwaomba wapige simu wapange wenyewe. Waliopangiwa saa walihudhuria asilimia 22, na walioambiwa wapige simu walihudhuria asilimia 12. Elimu ilikuwa moja na kipimo kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni kama mwanamke alipewa kazi ya kupanga au aliondolewa kazi hiyo.

Sasa tutazame utumbo. Uchunguzi wa taifa wa saratani ya utumbo mpana ulianza England mwaka 2006, na siku hizi huwaalika wanaume na wanawake wa miaka 50 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Hakuna gari wala miadi. Posta huleta kijisanduku nyumbani. Mhusika huchukua chembe ya choo chake kwa kijiti, hukitia kijiti ndani ya kichupa, huandika tarehe, na kukirudisha kwa bahasha iliyokwisha kulipiwa. Maabara hutafuta damu ambayo jicho haliioni. Damu hiyo haimaanishi saratani. Mara nyingi hutoka kwenye bawasiri au kwenye vinyama vidogo vinavyoota ndani ya utumbo. Baadhi ya vinyama hivyo ndivyo vinavyogeuka saratani kwa mwendo wa polepole wa miaka kumi hivi, kwa hiyo yule anayekutwa na damu huitwa kwa kipimo cha kamera inayopitishwa ndani ya utumbo, na vinyama hukatwa papo hapo kabla havijawa jambo jingine. Hapa pana tofauti kubwa na kipimo cha matiti: picha ya titi huikuta saratani ikiwa ndogo, ilhali uchunguzi wa utumbo huweza kuizuia isitokee kabisa. Sielewi kwa nini jambo hili halisemwi kwanza, kabla ya mengine yote.

Kijisanduku cha kwanza cha mdogo kilifika mwaka 2023. Alikitia ndani ya kabati la bafuni, kikakaa humo hadi siku za usafi wa kuukaribisha mwezi wa Ramadhani, kikatupwa pamoja na chupa tupu. Cha pili kilifika Januari 2025, na baada ya wiki kadhaa ikafuata barua ya kumkumbusha. Alipomtajia dada yake kwa simu, kama jambo la pembeni tu katikati ya habari za harusi, alisema hawezi kuweka najisi ndani ya bahasha na kuipitisha mikononi mwa mtu wa posta. Dada mkubwa aliniletea maneno hayo barazani, naye akiyaunga mkono.

Niliwasikiliza wote wawili kwa muda kabla ya kusema lolote, na ninafurahi nilifanya hivyo, kwa maana chini ya neno najisi palikuwa na tatizo ambalo karatasi ya maelezo haikulishughulikia. Mdogo, kama sisi sote, hutumia maji chooni. Maelezo yalimtaka achukue sampuli ambayo haijagusa maji ya chooni, na picha zake zilimchora mtu ambaye maisha yake yote ametumia karatasi. Hakujua aikinge vipi haja yake bila ya kuchafua kila kitu, tena aliona aibu kumuuliza mwanawe wa kiume aliye na Kiingereza kizuri kuliko chake. Suluhisho lilichukua dakika kumi za simu: kopo tupu la siagi lililotandikwa karatasi, glavu za dukani, kijiti kukwaruzwa juu juu tu, kichupa kufungwa hadi kilie, kopo kutupwa ndani ya mifuko miwili, kisha maji. Suala la twahara dada mkubwa alilipeleka kwa mke wa ustadhi jirani, akarudi na jibu kwamba najisi inayogusika kwa dharura ya afya huoshwa, na wudhu hurudiwa, basi. Wiki ile ile kichupa kilikwenda posta. Barua ya majibu ilifika ndani ya wiki mbili: hakuna hatua zaidi kwa sasa, ataitwa tena baada ya miaka miwili.

Ninataka msomaji aone kwamba hapo hakuna aliyeshawishika. Mdogo hakubadili imani yake juu ya saratani kati ya Januari na Februari. Kazi iliyokuwa imebaki mikononi mwake peke yake ilipata msaidizi. Mipango yenyewe imelijua hili kwa njia yake: kadi za zamani za kupaka choo zilidai sampuli za haja tatu za siku mbalimbali, na England ilipozibadilisha mwaka 2019 kwa kipimo kinachotaka sampuli moja, walioitikia waliongezeka, hasa wale ambao hawakuwahi kuitikia kabla. Utafiti mwingine wa England uliochapishwa mwaka 2020 uliwatazama wanawake wenye umri wa kualikwa kwa vipimo vyote vitatu, yaani shingo ya kizazi, matiti na utumbo, na kukuta kwamba takriban asilimia 35 tu ndio walioshiriki vyote. Asilimia 10 hawakushiriki hata kimoja. Walio wengi wako katikati, kama mdogo alivyokuwa: wanakwenda huku na hawaendi kule. Hao si watu wanaoukataa uchunguzi.

Turudi Majengo. Kenya ina mwongozo wa taifa wa kuchunguza saratani uliotolewa mwaka 2018, na maandishi yake ni mazuri. Kwa mwanamke wa umri wa dada mkubwa unapendekeza picha ya matiti kila baada ya miaka miwili, na kwa watu wa miaka 45 hadi 75 unapendekeza uchunguzi wa utumbo mpana. Ugonjwa wenyewe si wa kusimuliwa tu: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya wagonjwa wapya wa saratani nchini kuwa 42,116 na vifo 27,092, na saratani ya matiti peke yake wagonjwa wapya 6,799. Kisichokuwapo ni barua. Hakuna daftari linalojua kwamba mwanamke fulani wa Majengo ametimiza miaka 56, na hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kumwita. Uchunguzi hutegemea mtu aje mwenyewe, au akutwe na kambi.

Dada mkubwa alikutwa na kambi. Oktoba 2024, mwezi wa kuhamasisha juu ya saratani ya matiti, ambao kila mahali huvishwa rangi ya waridi, kundi la wahudumu lilipiga hema karibu na mtaa wetu, naye akaenda kwa sababu wanawake wa chama chake cha kuchangishana walikwenda. Muuguzi mwanamke alimpima matiti kwa mkono nyuma ya pazia, hakugusa uvimbe wowote, akamwandikia karatasi akapigwe mamogramu, yaani ile picha ya matiti, kwa kuwa umri wake unaidai. Jioni ile jumla ya waliochunguzwa ilitangazwa, naye amehesabiwa humo. Kwa hesabu ya kambi, dada mkubwa ameshiriki. Kwa hesabu ya mwongozo wa taifa, alikuwa hajaanza, kwa sababu vidole haviwezi kufika palipo na kitu cha ukubwa wa punje ya mtama.

Karatasi ilikaa ndani ya pochi kuanzia Oktoba hadi Mei. Nimemuuliza mara nyingi juu ya miezi hiyo saba, na kila mara alinitajia sababu kwa mpangilio ule ule. Kwanza ni asubuhi: vipimo hufanywa asubuhi, na asubuhi ndiyo mahamri, na siku moja bila mahamri si hasara ya siku moja, kwa kuwa mteja aliyekosa leo hujaribu kwa jirani kesho. Pili ni malipo. Mwezi ule ule wa Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa ilikuwa imehama kutoka NHIF kwenda SHA. Alikuwa amejisajili, lakini kila aliyemuuliza kama picha hiyo inalipiwa alimpa jibu tofauti, na hakutaka kufika dirishani akaaibika. Tatu, hakujua aende mlango gani. Nne, hakutaka kupigwa picha na mwanamume, na hakukuwa na wa kumwuliza mapema. Hofu ya majibu aliitaja mwishoni, na aliitaja nilipomwuliza mimi. Huenda aliificha, sikatai, lakini miaka thelathini wodini imenifundisha kuheshimu mpangilio ambao mgonjwa mwenyewe huyapanga maneno yake.

Mei 2025 nilikwenda naye. Nilipiga simu mapema, nikauliza bei, nikauliza ni nani apigaye picha siku gani, nikaandika siku na saa kwenye karatasi nikaibandika juu ya mtungi wake wa gesi. Mdogo alituma nusu ya fedha kwa simu. Binti wa jirani alisimama kwenye mahamri. Ukiyatazama haya utaona kwamba watu watatu tulifanya, kwa mwanamke mmoja na kwa siku moja, kazi ambayo ile barua ya Leicester huifanya kwa kila mwanamke bila ya mtu kuiona. Picha ilirudi safi, na akaambiwa arejee baada ya miaka miwili.

Kisha yakatokea yaliyokipa kisa hiki jina lake. Akiwa ametiwa moyo na majibu hayo, na akimkumbuka mdogo wake na kile kichupa, dada mkubwa alikwenda mwenyewe kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja, akaomba “kipimo cha choo.” Alipewa kikopo, akakirudisha, akalipa, akapewa majibu: hakuna minyoo, hakuna amiba. Alikuja kwangu na karatasi hiyo akiwa na furaha ya kweli, akaniambia kwamba utumbo wake hauna saratani.

Hakuna aliyemdanganya. Alichokiomba ndicho alichopewa, kwa maana hapa kwetu kupima choo kumekuwa na maana moja tangu tukiwa wadogo: darubini, mayai ya minyoo na homa ya matumbo. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo hakina jina kinywani mwa watu, na kitu kisicho na jina hakiwezi kuombwa dirishani. Tunatumia fedha kuchapisha mabango yenye utepe wa waridi, ambayo yameufanya uchunguzi wa matiti ujulikane hata kwa watoto wa shule, na kwa utumbo mpana hatujafika hata hatua ya kukubaliana neno. Ilinibidi nimwambie ukweli, na kumwambia ukweli kulinigharimu, kwa sababu niliona namna uso wake ulivyoanguka. Nilimwandikia kwa hati kubwa: kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, si cha minyoo. Kwa karatasi hiyo alipata kipimo sahihi kwenye maabara ya mjini mwezi Julai, na hakikuonyesha damu. Nilimweleza pia kwamba kipimo hicho hurudiwa, kwa sababu kinyama hakitoi damu kila siku.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo sitaki lipotee. Fomu ya Leicester na fomu ya kambi zote ziliuliza kama kuna saratani katika familia, na dada wote wawili walijibu hapana. Marehemu mama yao alifariki akiwa na miaka hamsini na kitu kwa kile ambacho nyumbani huitwa “ugonjwa wa tumbo.” Alikonda, alivuja damu, alitibiwa bawasiri. Siwezi kumtangazia marehemu ugonjwa ambao hakupimwa. Lakini mzazi mwenye saratani ya utumbo huongeza hatari ya wanawe, na huweza kubadilisha aina ya kipimo wanachostahili na umri wa kukianza, kwa hiyo ile hapana yao ya moyo safi ilistahili kuandikwa “hatujui.” Nimewaomba wote wawili wamweleze daktari habari hiyo kama ilivyo. Mdogo ameshafanya hivyo.

Dada mkubwa aliwahi kuniuliza swali gumu kuliko yote. Muuguzi wa kambi alikuwa amewaambia kwamba mficha uchi hazai, naye akanigeukia siku nyingine na kusema: “Uchi wa uzazi una mtoto mbele yake, mwanangu. Huu una nini?” Nilidhani nina deni la kumjibu kwa haki. Jopo huru la Uingereza lililopitia ushahidi wa matiti mwaka 2012 lilikadiria kwamba katika kila wanawake 10,000 wanaoalikwa kwa miaka ishirini kuanzia umri wa miaka 50, vifo 43 huzuiwa, na wanawake 129 huambiwa wana saratani na kutibiwa ilhali isingewahi kuwadhuru maishani mwao. Nilimwambia hayo yote mawili. Alinyamaza, akauliza kama kuna njia ya kujua yeye yuko upande gani, nikasema hakuna. Akasema basi atakwenda. Ninaamini mwanamke anayeuliza hivyo na kujibiwa hivyo ameshiriki kwa maana kamili kuliko yule aliyehesabiwa hemani, na hata kama angesema haendi, ningelihesabu jibu lake kuwa uamuzi na si uzembe.

Kwa kisa hiki, ninaona makosa yako mahali pawili. La kwanza ni kuhesabu. Kambi inapomhesabu mwanamke mlangoni, haina sababu ya kumtafuta miezi saba baadaye. Laiti ingehesabu picha zilizopigwa na majibu yaliyomfikia mwenyewe, mtu angempigia simu Novemba. La pili ni kuita. Watu wa Majengo hatuna anwani za nyumba ambazo posta ingezifikia, hilo ni kweli, lakini karibu kila nyumba ina simu. Usajili wa bima mpya umekusanya namba za vitambulisho, na kitambulisho kinajua umri. Tangu Septemba 2023 serikali imewatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kupita nyumba kwa nyumba, na wa mtaa wetu anamfahamu dada mkubwa kwa jina na kwa mahamri yake. Ujumbe wa simu wenye siku, saa, mlango na bei, na mhamasishaji anayeweza kueleza habari ya kopo la siagi kwa lugha ya nyumbani bila ya kuona haya, ni vitu vinavyowezekana kwa vilivyopo. Ila mwito usitangulie huduma: kumwita mtu wa utumbo ilhali foleni ya kipimo cha kamera haina mwisho ni kumtia wasiwasi na kumwacha nao.

Mdogo ataandikiwa tena mwaka 2027 kwa kijisanduku, na mwaka 2028 kwa picha ya matiti. Dada mkubwa anatakiwa kurudi Mei 2027. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni kwake na kwenye daftari langu, na hadi leo ninapoandika, haijaandikwa mahali pengine.